Vepu Niliyoichaji kwa Umeme wa Shule

Jumapili iliyopita vijana wa kanisa letu hapa Busibwabo waliniita niwasemeshe kuhusu kazi na maisha. Nikavaa kitenge changu kizuri, nikaenda nikidhani nitaulizwa mambo ya maana, kwa mfano mtu hudumu vipi kazini bila kugombana na kila mkubwa. Kijana wa kwanza akasimama, mikono mfukoni, akasema, "Mama, tusaidie. Kuvuta vepu kunaleta kuvuta sigara ama hakuleti?" Wenzake wote wakanigeukia kama watu waliobeti mpira wanaongoja matokeo.

Jamani, nimechoka na swali hilo. Nimelisikia kwa walimu, nimelisikia kwa wazazi, nimelisikia redioni wataalamu wawili wakivutana juu yake asubuhi nzima mpaka uji wangu ukamwagika jikoni. Siku ile nilimjibu yule kijana kwa ukali, na mchungaji akaona heri aanzishe wimbo. Leo nawajibu hapa, polepole, na hakuna wimbo wa kunikatiza.

Nilikuwa metroni wa shule ya bweni ya wasichana, upande wa Nambale, tangu mama zenu wengine wakiwa wasichana wa kusuka nywele mistari. Jina la shule mniachie. Nitawaambia habari za mtoto mmoja wa pale, Amoit, wa Malaba, ambaye alibakisha kidogo tu afukuzwe akiwa kidato cha tatu. Baba yake alikuwa ameshasema kwamba akifukuzwa hatatafutiwa shule nyingine, ataenda kuuza kwenye duka la shangazi yake karibu na mpaka. Yote hayo kwa sababu ya kitu kinachoenea ndani ya ngumi.

Lakini kwanza niwaambie kazi yenyewe, maana watu hudhani metroni ni wa kupiga kengele na kugawa sodo. Metroni ni pua. Hilo nilifundishwa na Mama Ikapel, aliyekuwa metroni kabla yangu, Mteso wa Angurai, mfupi, mwenye sauti ya kuamsha wafu. Siku yangu ya kwanza niliingia bwenini kama askari, nikaanza kufungua masanduku ya watu. Akanivuta kwa mkono wa sweta hadi mlangoni.

"Wewe, nani alikwambia macho yanajua kitu?" akaniuliza. "Simama hapa. Pumua. Macho yatakuja nyuma."

Nikasimama, nikapumua. Mwanzoni nilisikia harufu moja tu, ya wasichana wengi na nguo ambazo hazikukauka vizuri. Baada ya muhula mmoja nilikuwa najua kila kitu nikiwa bado kizingitini. Nilijua mandazi yaliyofichwa tangu siku ya kufungua shule. Nilijua omena iliyoletwa kutoka nyumbani ndani ya mkebe wa siagi. Nilijua kitanda cha mtoto wa kidato cha kwanza aliyekojoa kwa kumkosa mama yake, na hapo Mama Ikapel alinifundisha nibadilishe shuka kabla ya kengele, nisiseme neno, hata kwa mtoto mwenyewe.

Sigara nayo ilikuwa rahisi. Walivutia nyuma ya choo, kisha wakatafuna majani ya mpera, yale ya kutuliza tumbo, kuua harufu. Kwa hivyo sheria yangu ilikuwa hii: ukiona msichana anatafuna majani ya mpera na tumbo lake halina shida, huyo amevuta. Siku moja nikamkamata mmoja akitafuna kweli kweli. Nikamshika mkono, nikampeleka ofisini kwa maringo, yeye njiani ananisihi, "Mama, niache, Mama, tafadhali," mimi nasema leo ndiyo leo. Bwana, tumbo lilikuwa na shida. Alinithibitishia kabla hatujafika ofisini, mbele ya darasa zima lililokuwa likitoka maabara. Mama Ikapel alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Alipopata pumzi akasema, "Sasa utajifunza kuuliza mtu kwanza." Nilinuna siku nzima.

Haya, hiyo ilikuwa enzi ya sigara. Kila kitu kilikuwa na harufu yake na mahali pake. Tulilelewa na methali kwamba penye moshi pana moto, na methali ilifanya kazi vizuri tu. Kisha kikaja kitu chenye moshi lakini hakina moto, kinanukia stroberi, na methali ikastaafu kabla yangu.

Shuleni simu zilikatazwa, lakini taa za kuchaji ziliruhusiwa, kwa sababu stima ya kwetu hukatika ikijisikia. Na soketi za bwenini zilikuwa zimezibwa baada ya mtu kujaribu kupasha chai kwa nyaya. Kwa hivyo taa zote zilichajiwa chumbani kwangu. Baada ya chakula cha mchana wasichana walipanga foleni mlangoni, kila mmoja na kitaa chake kilichofungwa uzi wa rangi yake, mimi nazipanga juu ya meza, na jioni wanakuja kuzichukua. Nilijivunia meza ile. Hakuna taa iliyowahi kupotea wala kubadilishwa, na nilijua kila uzi ni wa nani.

Amoit alikuja kwenye foleni ile mwanzo wa muhula wa pili. Alikuwa mtoto mrefu, mpole, mzuri wa hesabu, wa kuamkia watu kwa mikono miwili. Akanipa kitu chembamba cha rangi ya waridi, kama ile kalamu nene ya kupakia mistari kwenye vitabu. Kimefungwa uzi wa zambarau, vizuri kabisa.

"Na hii ni nini?" nikamuuliza.

"Ni taa, Mama. Ile ndogo ya kusomea."

Nikaichomeka. Ncha yake ikawaka buluu. Nikaona sawa, ni taa, kwani taa ni nini kama si kitu kinachowaka? Na vitu vya Malaba mnavijua nyinyi. Kila kinachotengenezwa duniani hupita pale kwenye malori, na kila wiki watoto wa kule walikuwa na kitu kipya ambacho sisi wa huku hatujakiona. Wiki baada ya wiki nikaichaji. Jioni akichelewa kuichukua, namtumia mtu amwite, nikiogopa mtoto asikose kusoma.

Na si hayo tu. Bweni lake, lililoitwa Sio kama ule mto wetu, lilianza kunukia. Nilisimama mlangoni kama nilivyofundishwa, nikapumua, nikasikia matunda. Stroberi siku moja, embe siku nyingine. Nikasema hawa sasa wamestaarabika, wamepata sabuni nzuri. Basi nikasimama paredi ya Jumatatu, mbele ya walimu wote, nikalisifu bweni la Sio kwamba linanukia kama nyumba ya watu wenye heshima, na nikawapa zawadi ya mche mzima wa sabuni. Wasichana walicheka kicheko ambacho sikukielewa. Prinsipo wetu, mama mtulivu, akapiga makofi.

Aliyenifumbua macho ni Madam Nafula, mwalimu wa ushauri, kijana wa juzi juzi kutoka chuo. Alikuja chumbani kwangu kuchaji tarakilishi yake, akaangalia meza yangu. Kisha akauliza kwa adabu, "Mama Metroni, tangu lini unavuta?"

Nikamwambia mimi na ukoo wangu hatuvuti. Akaichukua ile kalamu ya waridi, akanieleza. Ni vepu. Ndani kuna betri na maji yenye nikotini, ileile ya sigara, na manukato ya matunda. Mtu anainyonya ncha kama mzee anavyonyonya mrija kwenye chungu cha busaa, na moshi wake unapotea kabla hujageuka. Mimi nikakaa kitandani. Niliona aibu, kisha nikaona hasira, na hasira ikakaa muda mrefu zaidi. Umeme ulikuwa wa shule, soketi yangu, na jioni namtumia mtu amwite aje kuichukua!

Tulikubaliana mimi na Madam Nafula tusimpeleke moja kwa moja kwenye kamati ya nidhamu, maana tulimjua depiti wetu, naibu wa prinsipo, kwa kufukuza watu haraka. Tukamwita Amoit, tukaichukua vepu, tukaifungia kabatini, tukampa maneno ya mama. Akaahidi. Nasi tukaona tumemaliza kazi. Ninyi mnaotaka kuwa walezi wa watoto wa watu, hapo ndipo pa kutega sikio. Tulimnyang'anya kitu mwili wake ulikuwa umeshakizoea, tukamwachia ahadi tu mahali pake, kisha tukaenda kunywa chai.

Wiki hiyo mtoto akabadilika. Kichwa kinamuuma, chakula hakitaki, usingizi hana. Alimpiga mwenzake rula kwa sababu ya nafasi ya kuketi, yeye ambaye hata kuku alikuwa akimpisha njia. Siku moja akaja chumbani wakati wa taa, hana taa yoyote mkononi.

"Mama, ile kitu yangu bado iko?"

"Iko. Na itakaa huko."

"Sitavuta. Nataka tu kuishika kidogo."

Nikamfukuza. Nilidhani ananichezea akili. Mtu anataka kushika kitu afanye nini nacho, kama si ukaidi?

Siku chache baadaye nilisimama mlangoni mwa Sio, nikapumua, na pua yangu ikakutana na rafiki yake wa zamani. Tumbaku. Na majani ya mpera juu yake. Safari hii niliuliza kwanza, na Amoit hakubisha. Alitoa kipisi cha sigara kutoka kwenye soksi. Alikuwa amekipata kwa mafundi waliokuwa wakijenga maabara mpya, amewapa mkate wake wa Jumapili kupitia ua.

Hapo jambo lilitoka mikononi mwetu. Mwalimu wa zamu alikuwa ameshaona, na kabla ya kengele ya saa nne depiti alikuwa amempigia baba simu aje kutoka Malaba.

Kikao kilifanyika ofisini kwa prinsipo. Mezani kulikuwa na vitu viwili juu ya gazeti: vepu ya waridi, uzi wake wa zambarau bado umening'inia, na kipisi cha sigara. Pembeni kulikuwa na chai na mandazi, maana sisi hata tukizika lazima tunywe chai. Amoit alisimama dirishani. Mimi niliwekwa kwenye kiti karibu na mlango, shahidi.

Depiti akaanza. Alikuwa mtu mwenye moyo mzuri ambaye hakutaka ujulikane. Akaelekeza kalamu mezani. "Ushahidi ndio huu. Hapa vepu, hapa sigara. Moja imezaa nyingine. Kesho ni bangi. Nilisema tangu mwaka jana hii kitu ni mlango wa sigara, mkasema mimi ni mshamba. Huyu aende, wengine wapone."

Madam Nafula akasema, "Haikuzaa, Bwana Depiti. Sisi ndio tulimnyang'anya moja bila kumpa msaada, akatafuta nyingine. Na kuna watoto ambao wangevuta hata vepu isingekuwako. Huwezi kusema hii ndiyo imeleta ile kwa kuwa tu zimekaa meza moja."

"Kwa hivyo tumrudishie?"

"Sijasema tumrudishie."

"Umesema nini basi, Madam?"

Hapo baba akaingilia. Baba Amoit alikuwa wakala wa kupitisha mizigo forodhani, mtu wa haraka, kitambulisho kinaning'inia shingoni, simu mbili, zote zinaita. "Walimu, mimi niwaambie kitu. Mimi nimevuta sigara tangu nikiwa tanboi wa lori. Nikaacha kwa hii hii vepu. Kifua kimepoa, mke wangu ameacha kulalamika. Sasa kitu ambacho kimenitoa kwa sigara kinawezaje kupeleka mtoto huko huko?"

"Wewe ni mtu mzima uliyekuwa umeshavuta," Madam Nafula akasema. "Yeye hakuwa anavuta kitu."

"Ndiyo hiyo nasema," akadakia depiti. "Hakuwa anavuta kitu, sasa anavuta sigara."

"Kwa sababu ya kunyang'anywa," akasema baba.

"Kwa sababu ya kupewa," akasema depiti.

Wakaendelea hivyo. Nyote mnalijua bishano lenyewe, maana hata nyinyi mnalirudia kanisani. Mimi naamini kila mmoja pale alikuwa na kipande chake cha ukweli. Ni kweli mvutaji wa zamani anaweza kupata nafuu. Ni kweli watoto wengi wanaoanza na moja hukutwa na nyingine, na ni kweli pia wengine ni wale ambao wangevuta tu. Lakini walikuwa wakisema kuhusu watoto wote wa dunia, na mmoja alikuwa amesimama dirishani anatafuna ncha ya tai yake mpaka imelowa. Vidole vyake vilikuwa vinasugua sketi mahali pamoja, vinasugua, vinasugua. Hakuna aliyemwangalia. Prinsipo akauliza nani anataka chai zaidi.

Mwishowe prinsipo akapendekeza kitu cha katikati. Amoit asifukuzwe, aende nyumbani hadi mwakani, akae na wazazi, atulie, halafu itaonekana. Depiti akasema mwakani usajili wa mtihani utakuwa umempita. Baba akasema hilo si neno, duka la shangazi lipo. Wote wakatikisa vichwa kwa huzuni, ile huzuni ya watu ambao wamekaribia kumaliza kikao.

Sijui nini kilinisukuma. Nadhani ni yale mandazi. Nilimwona depiti akichukua la tatu, nikasikia moto unanipanda. Nikasema, "Mbona hakuna mtu amemuuliza mtoto?"

"Mama, wewe umeitwa kama shahidi," depiti akasema.

"Basi nashuhudia kwamba hajaulizwa."

Prinsipo akaweka kikombe chini. "Amoit, una neno?"

Mtoto akaitoa tai mdomoni. Sauti ilikuwa ndogo mwanzoni. "Sigara siipendi, Madam. Ilinitapisha. Kama vepu ndiyo imenipeleka huko, mimi sijui, hata sijali. Mimi nataka tu nimalize dabo moja ya Hesabu, vile vipindi viwili, bila kuifikiria. Moja tu. Nikianza hesabu, katikati inaniita, nasahau nilikuwa wapi."

Tukadhani amemaliza.

"Na mkinipeleka nyumbani sitaacha," akasema. "Kwetu iko kwa meza. Iko kwa gari. Iko bafuni. Hii nilianza nayo huko, niliiokota kwa kiti. Baba akiamka anaishika kabla hajanisalimia."

"Lakini mimi niliacha sigara," baba akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayejitetea kwa mkubwa wake.

"Ndiyo, Baba. Hata nilifurahi. Sasa hiyo utaacha lini?"

Simu moja ya baba ikaita, hakuishika. Mkono wake ulikuwa mfukoni mwa koti, na sote tulijua umeshika nini. Akautoa polepole, mtupu, akauweka juu ya goti. Nilimhurumia yule mwanaume kwa mara ya kwanza.

Prinsipo aliamua Amoit abaki shuleni, chini yangu na Madam Nafula, hadi muhula uishe, na sigara ikionekana tena basi hakutakuwa na kikao kingine. Depiti akasema shule si hospitali. Nikamjibu najua, hospitali wana dawa. Kwa kweli sikujua tunaanzia wapi. Madam Nafula ndiye aliyejua muuguzi mmoja mjini Busia, akampeleka Amoit, nami nikaenda kubeba mkoba na kusikiliza.

Muuguzi hakuuliza nini kinaleta nini. Aliuliza, "Inakuita saa ngapi zaidi?" Amoit akasema baada ya chakula cha mchana, wakati wa kupeleka taa. Muuguzi akasema saa hiyo basi asiwe peke yake, awe na kitu mkononi na kitu mdomoni, anywe maji, na akianguka aseme siku hiyo hiyo. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe Mama, akiwa mkali usimrudishie ukali." Hilo lilinishinda mara nyingi, nakiri.

Kwa hivyo kila mchana Amoit alikuja kwangu. Nilimpa sinia la maharagwe achambue na njugu karanga za kutafuna, mimi napokea taa za wenzake. Msidhani tulikuwa tunaimba nyimbo za sifa. Tulikuwa tunagombana. Anasema maharagwe yangu yana mawe mengi kuliko maharagwe, namwambia akalime yake. Siku nyingine haongei kabisa, anachambua kama anayeng'oa meno ya mtu. Wiki ya tatu akaja na vepu nyingine, ya kijani, rafiki yake amemletea alipotoka kliniki mjini. Alikuwa ameshaivuta. Akaiweka mezani kwangu katikati ya taa, akalia, akasema nimwandikie tu barua aende, hawezi.

Mkono wangu uliinuka uende kumpeleka ofisini. Nikaurudisha. Nikamuuliza, "Umevuta leo tu?" Akasema leo tu. Nikamwambia basi leo tumeanguka, chukua sinia. Ile ya kijani tuliitumbukiza chooni pamoja, na alisimama pale akiangalia shimo muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda.

Depiti hakuwahi kubadilisha msimamo, na mpaka leo tukikutana soko la Nambale ananiambia vepu ndiyo mlango. Lakini Jumatatu moja alipita chumbani kwangu na mafungu mawili ya miwa ya kwao, akayaegemeza ukutani, akasema, "Ni ya yule wako wa moshi," akaenda zake bila kungoja asante.

Sasa nyinyi vijana, mkitaka kuniletea swali, nileteeni la mtu. Niambie, Mama, mimi inaniita saa fulani. Niambie, Mama, dada yangu anajificha na kalamu ya rangi ya waridi na hali chakula. Hapo nitavua viatu, tutaketi. Lakini ukija na mikono mfukoni kuniuliza nani atashinda, vepu au sigara, mimi nitakupa jembe ukanilimie mihogo.

Siku ya wazazi ilifika muhula ukikaribia kuisha. Mnaijua siku hiyo: kuku, chapati, soda, wadogo wa watu wanakimbia kila mahali. Nilikuwa nazunguka kuhakikisha hakuna anayeingiza kitu, maana kazi ni kazi. Nikamwona Baba Amoit ameketi na binti yake kwenye benchi karibu na jikoni, mbali na wengine. Nilijua kuna shida, kwa sababu simu zake zote mbili zilikuwa zimezimwa, ziko juu ya benchi kifudifudi. Walikuwa wamenuna wote wawili. Katikati yao kulikuwa na karatasi ya njugu, na kila mmoja anatafuna upande wake kama amelazimishwa na mahakama.

Nikapita karibu, nikapumua. Sikusikia stroberi wala embe. Nilisikia njugu na jasho la mtu aliyevaa koti kwenye jua.

"Mama Metroni," akaniita. Macho yalikuwa mekundu, na mguu wake mmoja haukutulia. "Karibu wiki moja sasa sijaishika. Naomba kuuliza. Hiki kichwa kitauma hivi mpaka lini?"

"Unaniuliza mimi? Mimi sijawahi kuvuta kitu maishani. Muulize huyo, yeye ndiye amekutangulia."

Akageuka kwa binti yake. Akauliza kwa sauti ya chini, kama mgeni anayeuliza njia kwenye kijiji cha watu. Amoit hakuinua kichwa. Aliisukuma ile karatasi ya njugu mpaka ikagusa goti la baba yake.

"Bado, Baba," akasema. "Kula."